Kitufe cha Kushoto

Sanduku liliingia uani kwa Polikarp limebebwa na wanaume wanne, na kabla halijatua chini kuku wawili wakaruka kutoka ndani yake. Coleta alikuwa barazani akiota jua, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina huruma. Akamtazama mumewe kama mtu aliyenunua ng'ombe mfu.

"Baba Yusto, hicho ni nini?"

"Huikumbuki? Mashine ya gololi! Ya hotelini kwa marehemu Mzee Halfani."

Aliikumbuka sana. Enzi hizo yeye ni msichana wa kupeleka maharage hotelini, na mashine ni mpya, imevuka ziwa kutoka Zambia hadi Kasanga, ikapandishwa mjini kwa lori. Unavuta fimbo, gololi ya chuma inakimbia juu ya ubao ulioinama, inagonga kengele, taa zinawaka. Ikiteremka, unaizuia isitumbukie shimoni kwa vibao viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, kila kimoja na kitufe chake ubavuni mwa sanduku. Coleta aliwashinda madereva wote. Utingo mmoja mwembamba aitwaye Polikarp alilishwa kipigo hadi akadaiwa soda saba, na badala ya kuleta ya nane akaleta washenga.

Miaka mingi mashine ilikuwa imelala stoo. Abuu, mtoto wa Mzee Halfani, alipoanza kusafisha stoo hiyo alimwambia Polikarp, "Chukua bure, mzee wangu, mradi panya nao wahamie kwako."

"Utaitengeneza kwa fedha ipi?" Coleta akauliza. "Hela ya mbolea isiguse hilo sanduku."

Wala haikugusa. Polikarp alikuwa fundi umeme wa malori tangu aache utingo, na hakuna gereji mjini isiyo na kijana aliyejifunza kazi kwake. Gololi mpya ilitoka kwenye beringi iliyokufa. Mipira ya pembeni aliikata kwenye tyubu ya baiskeli. Koili zilizoungua akazisuka upya kwa waya wa mota ya mashine ya kusaga. Kioo ni kipande cha dirisha, kona moja imemeguka. Umeme ni betri mbili za lori, zilizochoka kuwasha injini lakini taa bado zinaziweza. Wiki sita, kila asubuhi baada ya uji, yuko uani.

Coleta alijua kinachotafutwa. Tangu kiharusi kimpige, mkono wake wa kushoto ulikaa chini ya kitenge kama kitu cha kuazima. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alisema vidole bado vina uhai, vitumiwe visije vikalala moja kwa moja, akampa na mpira wa kubinya. Mpira uko juu ya kabati. Hata sala ya Jumuiya kila Jumamosi alishaacha kwenda, kwani salamu ya Kifipa ni kuinama na kupiga makofi taratibu, na kofi la mkono mmoja ni kitu gani jamani? Basi aliposikia gonga-gonga ya mumewe aliujua mtego wa kuvitumikisha vidole vyake. Ila moyo ukawa unasogea kidogo kidogo, hadi siku moja akajikuta anauliza, "Kengele ya kati imepona?"

Ilipokuwa tayari, mkwe wao Luciana aliacha kuchambua maharage aje aone. Polikarp akavuta kiti.

"Karibu, bingwa."

Coleta akashika kitufe cha kulia. Mkono wa kushoto akauacha ulipo, huku anajiambia: gololi ikishuka nitaupandisha, lazima niupandishe. Akabonyeza kulia, kujaribu tu.

Vibao vyote viwili vikaruka.

Akabonyeza tena. Vyote viwili.

"Umefungaje hapa?"

Polikarp akatabasamu. "Swichi moja, kama ya taa za hazadi, zote zinawaka pamoja. Mkono mmoja unatosha, mke wangu. Usihangaike."

"Hazadi," Coleta akasema polepole, "huwashwa na gari lililoharibika."

"Mama Yusto, sikiliza..."

"Mimi ni lori lililokwama kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, sivyo? Nikatieni na majani mnitandikie barabarani, magari yanikwepe!"

Luciana alibana kicheko, kisha akaona mama mkwe hacheki.

"Wiki sita nakusikia unagonga," Coleta akasema. "Nikadhani unaungojea huu mkono. Kumbe ulishauzika."

Polikarp akafuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. "Niliogopa. Niliogopa ukijaribu ukashindwa, hutakaa tena kwenye hiki kiti."

"Basi tuogope wote wawili. Fungua."

Akafungua. Coleta akammulikia tochi kwa mkono wa kulia, naye akakata waya ule mmoja, akavuta mwingine hadi kitufe cha kushoto, kila upande na wake, kama indiketa. Mchana ukawakuta hapo hapo.

Kisha Coleta akautoa mkono kwenye kitenge, mbele ya watu, akaubeba kwa ule wa kulia na kuuweka juu ya kitufe chake. Gololi ya kwanza ikatumbukia. Ya pili pia. Luciana akarudi jikoni bila kuaga. Gololi zikaendelea kutumbukia upande ule ule, na Polikarp akawa anazirudisha, hadi mara moja kibao cha kushoto kikatetemeka, kikainuka nusu. Gololi ikakipita, ikazama.

"Umeona?" Polikarp akanong'ona.

"Nimeona. Na haijagusa, usishangilie." Lakini Coleta alikuwa anahema kama aliyepanda mlima na kuni.

Polikarp akainama kukagua. "Springi ya hiki kitufe ni ngumu. Naweza kuile..." Akajishika mdomo.

Coleta akaviangalia vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa juu ya kitufe, havijarudi kitengeni.

"Ilegeze," akasema. "Kidogo tu, Baba Yusto. Kinachobaki niachie mimi."