Kilele cha Tisini

Mimi ni mtu wa Kalinzi, milimani juu ya Kigoma. Kwetu tunajua kahawa na ukungu. Ziwa tunalitazama kutoka juu. Mwaka wa tisini na sita, Wakongo walipoanza kuvuka wakikimbia vita, na kipindupindu kikavuka nao, niliazimwa kutoka darasani nikahesabu wagonjwa kwenye mahema ya ufukweni, chini ya Ujiji. Walisema wanamhitaji mwalimu wa hesabu. Kichwa kikanivimba.

Sista Skolastika, muuguzi mkuu, alikuwa na swali moja tu. Kambi nyingine ilikuwa imemwomba nusu ya maboksi yake ya dripu. Akiyatoa, dripu zitakazobaki zingetosha wagonjwa tisini kwa siku.

"Mwalimu, kuna siku watapita tisini?"

Wastani, mtu yeyote angeweza kumpa. Mimi nilitaka kilele, siku mbaya kuliko zote. Kwa siku kumi na mbili Mapendo, mama wa Kikongo aliyejitolea kubeba wagonjwa, alikuwa akiniletea idadi kila asubuhi: arobaini, hamsini na mmoja, thelathini na wanane. Nikakadiria uwezekano wa siku moja kupita tisini: moja kwa elfu. Nikauzidisha mara thelathini, siku za mwezi mzima, na hapo nikajisifu, maana hata siku zikila njama, uwezekano wa mwezi mzima hauwezi kupita jumla ile.

"Si zaidi ya tatu kwa mia," nilisema.

"Una hakika?"

"Sista, hesabu haina shemeji."

Maboksi yakaondoka na lori siku hiyo hiyo.

Siku ya nne, kulipokucha, mitumbwi ilikuwa imejaa ufukweni hadi mchanga hauonekani. Wagonjwa mia mbili na wanne. Kesho yake mia moja themanini. Nilisimama na kalamu mkononi kama mjinga, na mjinga nilikuwa kweli.

"Kwa nini sasa?" nilimwuliza Mapendo. Alikuwa amembeba mzee mgongoni.

"Mwezi iko mukubwa, Mwalimu. Dagaa haifuati taa. Wavuvi wanapumzika, mitumbwi iko bure, basi watu wanavuka." Akamweka mzee chini taratibu. "Kila mutoto wa huku anajua. Niliona unaandika sana, nikasema unajua."

Siku zangu zote kumi na mbili zilikuwa za giza, wavuvi wakiwa kazini na karabai zao. Kuzidisha kwangu hakukuwa na kosa. Ile moja kwa elfu ndiyo ilikuwa uongo, na uongo ukizidishwa haugeuki kuwa kweli.

Dripu ziliisha siku ile ya pili ya mafuriko ya watu, saa sita mchana. Siku iliyofuata kipindupindu kilimwangusha Mapendo akiwa ameshika machela. Tulimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akayatapika, tukamnywesha tena. Sista alituma watu kambi ile nyingine wakaombe maboksi yarudi, hata manne tu. Yalirudi jioni. Mapendo alikuwa amekufa alasiri.

Sista hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinipa daftari la marehemu akasema, "Andika mwenyewe."

Nikaandika tarehe. Nikaandika Mapendo. Safu zilizofuata zilitaka jina la baba, kijiji, idadi ya watoto. Sikuwa na la kuandika. Siku zote zile nilikuwa nimemwuliza hesabu za wagonjwa tu.