Damu Iliyofundishwa

Kwenye kanisa letu la Mapendo hakuna ndoa bila kipimo cha ukimwi. Kila mchumba hupimwa siku yake, kisha mnaitwa pamoja kusikia majibu. Nilienda nikitafuna karanga, sina hata wasiwasi. Ng'ombe wa mahari walikwisha kuteremka kutoka Masisi, na Ruffin wangu alikwisha kushona suti.

Mama Valérie, muuguzi, alisema Ruffin hana virusi. Kisha akanigeukia, akashusha sauti: mimi ninavyo.

Nilimkazia macho yule mama kana kwamba ameniibia. Kisha nikakumbuka Kampala. Nilipokuwa nasoma kule, nilijitolea kwenye utafiti wa chanjo ya kuzuia virusi vya ukimwi. Watafiti walinionya: chanjo ya majaribio huufundisha mwili kutengeneza kinga, na kipimo cha kidole hutafuta kinga hiyo, si virusi vyenyewe. Kingeweza kunisingizia kwa miaka. Nami, kichwa maji, nilisahau kumwambia muuguzi.

Nilifungua mdomo nieleze. Ruffin alinitangulia, amepiga magoti, analia.

“Unisamehe, Christa. Ni mimi njo nilikupatia. Ile damu walipima ilikuwa ya Chance.”

Chance ni mdogo wake. Alikuja kupimwa badala yake na kadi ya mpiga kura ya Ruffin, ndiyo kitambulisho chetu, na kadi zetu mnazijua, picha hufifia hata mwenyewe asijitambue. Ruffin alikuwa na virusi kabla hatujajuana. Alimeza vidonge kwa siri, akalala nami, asiseme neno.

Alijipangusa machozi. Nilimwona anapumua, kama mtu aliyetua mzigo.

“Sasa tuko sawa,” akasema. “Tutakunywa dawa pamoja.”

Hapo ndipo nilipoogopa kwamba huenda kipimo hakikunisingizia. Nilimweleza mama Valérie habari za Kampala, naye akapeleka damu yangu maabara inakotafutwa virusi vyenyewe. Sina. Alisema vidonge vya Ruffin vimevilaza virusi vyake, ndiyo maana sikuambukizwa.

Ng'ombe wamerudi Masisi. Shangazi yangu Mwavita anasema nimeponea chupuchupu, nimshukuru Mungu. Namshukuru, lakini roho inaniuma. Ruffin angeniambia tu. Mimi niliyetoa mkono wangu uchomwe sindano kwa ajili ya ugonjwa huo, ningemkataa kwa lipi?