Mayai ya Magoti

Fundi cherehani mmoja alikuwa na binti mwenye kazi ya ajabu: kupima miguu ya panya. Panya anavimbishwa mguu, anapewa dawa, kisha mguu unapimwa kama umepungua. Kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno alisimuliwa habari hiyo, atake asitake.

Mchana mmoja binti alipita nyumbani kula.

"Mama, vile vidonge vya maumivu na uvimbe vinachubua tumbo, ndiyo maana nilikukataza kuvimeza ovyo. Sasa sisi tunaviunganisha na asidi amino."

"Ndiye mdudu gani huyo?"

"Ni vipande vidogo vinavyojenga protini. Dawa ikishikamana na hicho kipande inapita tumboni kwa adabu. Ikishavuka inaachana nacho, inafanya kazi yake. Ila bado tuko kwa panya."

"Na protini si ndiyo hii ya kwenye mayai?"

"Hiyo hiyo," binti akajibu huku ananawa, akawahi kazini.

Mama alibaki ameshika tama. Miaka ishirini ya kukanyaga cherehani ilikuwa imemmaliza magoti, na kabatini lilikuwepo kopo zima la vidonge alivyokatazwa. Akachemsha mayai manne, akayatoboa kwa sindano ya magunia, akasokomeza kidonge kwenye kila kiini. Akayafunga kwenye kitambaa ili yai na kidonge vizoeane, na kwa saa tatu hakutaka mtu apige kelele jikoni.

Taratibu za maabara alizifuata. Goti la kulia lilipewa yai, la kushoto likanyimwa, ili apate kulinganisha. Kwa hiyo alimeza akiwa ameegemea ukuta kwa upande wa kulia, dawa isije ikapotea njia. Kisha akachukua tepu, akapima, akaandika kwenye daftari la wateja, chini ya vipimo vya gauni la bibi harusi: "Goti la kulia, inchi kumi na tano na nusu. Lina furaha. La kushoto, kumi na sita. Limenuna."

Wifi yake, dada wa mumewe waliyekuwa wakikaa naye, akamkuta kwenye yai la pili.

"He, wifi! Mbona unakula umeinama kama ukuta unaotaka kuanguka?"

"Usinisemeshe, niko kazini."

Alipoelezwa, wifi akashika kiuno. "Na mgongo wangu huu? Lakini mimi nina vidonda vya tumbo, daktari alishanikataza vidonge."

"Alikataza vidonge, hakukataza mayai. Haya yana adabu."

"Haya, na mgongo nauegemeza wapi?"

Fundi alifikiri sana. "Lala chali."

Siku tano wifi alikula mayai mawili kwa siku, chali mkekani. Mgongo ukanyooka, akawa anafagia uwanja huku anaimba. "Mwambie mwanao awaachie hao panya," alitamba, "atuajiri sisi!"

Siku ya sita alipata choo cheusi kama lami, akaanguka mlangoni.

Hospitali daktari akauliza, "Amemeza dawa gani?"

"Mayai tu," wifi akanong'ona.

"Mayai hayafanyi hivi." Daktari akamgeukia fundi.

Fundi alipiga hesabu. Akisema, ukoo mzima wa mume utamwandama mpaka kaburini, na binti yake kazini atachekwa. Lakini mkono wa wifi ndani ya mkono wake ulikuwa baridi kama chuma cha cherehani asubuhi. Akapiga moyo konde, akatoa daftari kwenye mkoba.

"Daktari, soma baada ya bibi harusi."

Daktari akasoma kwa sauti: "Wifi, yai la kumi, chali. Mgongo umecheka." Yeye hakucheka. "Kila yai kidonge kimoja?"

"Kimoja."

"Vidonge kumi, kwenye tumbo lenye vidonda! Anavuja damu ndani." Akaagiza damu ya kuongezewa hapo hapo.

Binti alifika anahema, koti la maabara bado mwilini, akaelezwa habari ya mayai.

"Mama, kuunganisha ni kazi ya kemia, siyo kuvifungia chumba kimoja! Kidonge ndani ya yai ni kidonge kilichovaa yai. Na hivyo vyetu vyenyewe hakuna mtu aliyeruhusiwa kumeza."

"Na kuegemea?"

"Kuegemea nini?"

"Basi, mwanangu. Tuyaache."

Siku ya tatu wifi akafumbua macho vizuri, akamtafuta fundi. "Wifi, nikirudi nipikie uji. Na nitaunywa nimekaa wima." Fundi alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi akamtoa nje.

Nyumbani alipima tena magoti. Kulia, kumi na sita. Kushoto, kumi na sita. Akayaandika yote mawili bila kuongeza neno. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa, kila mama ajaye kupimwa kiuno asome: "MTOTO AKIELEZA KAZI YAKE, MSIKILIZE MPAKA MWISHO. AKISEMA BADO TUKO KWA PANYA, WEWE SI PANYA."