Mafundo ya Ukindu

Kidole cha Mwanahija kilizunguka shingo ya kichupa mara ya pili, kisha mara ya tatu, kisikute kitu. Kioo kilikuwa laini, kimeoshwa. Akakiweka chini, akachukua kingine, akakipapasa vivyo hivyo. Nacho shingo yake ilikuwa tupu.

Ndipo maneno ya wifi yake yalipomrudia. Sikuzani alikuwa ameyasema asubuhi akiwa mlangoni, ndoo ya samaki wa kukaanga kichwani, akielekea sokoni: "Vichupa vyako vya rangi vilikuwa vinanata, wifi, nimevisugua. Na vile vikamba vichafu nimevitupa." Mwanahija alikuwa akipepea mkaa. Aliitikia ahsante bila kusikia vizuri alichokuwa anashukuru.

Majiko mawili yalikuwa yanawaka uani tangu baada ya sala ya alfajiri. Keki ilikuwa ya matabaka saba, na kila tabaka lilihitaji kuokwa peke yake, sufuria juu ya mkaa na mkaa mwingine juu ya mfuniko. Matatu yalikuwa tayari, yamelala kwenye sinia chini ya kitambaa: jekundu, la machungwa, la njano. Hayo alikuwa ameyatia rangi kwa macho, bila taabu. Manne yalibaki, na mgongo wake ulikuwa tayari unauma kama siku imekwisha.

Rangi za moto zilikuwa bado zinamfikia. Zilizomwacha ni zile za majani na za maji. Zilianza kufifia mwaka juzi, taratibu, kama kanga inayofuliwa kila siku, mpaka kijani, bluu na zambarau zikawa kitu kimoja, rangi ya jivu lililomwagiwa maji. Muuguzi alimwangalia kwa kurunzi akasema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na kwamba atahitaji kupasuliwa. Mwanahija alirudi nyumbani akiwaza kwamba uzeeni amepata watoto wengine wawili, na hakumwambia mtu.

Hakumwambia kwa sababu ya Abdulrazak, mwanawe, aliyekuwa na mashine ya kusaga kule Lugoba. Abdulrazak alikwisha kumpakia chumba chokaa. "Siku nikisikia macho yamekushinda, mama, sitauliza," alimwambia mara ya mwisho alipokuja. "Nitakuja na gari, nitapakia kitanda chako. Mambo ya moto na kusuka basi." Alikuwa mtoto mwema, na hilo ndilo lililomwogopesha Mwanahija. Kwa mtoto mbaya angeweza kukataa.

Basi akabuni njia. Alikuwa msuka mikeka tangu ujanani, na kila alipochemsha ukindu katika rangi aliufunga vicha. Sasa kila kicha alikifunga kwa kikamba chenye mafundo: fundo moja nyekundu, mawili machungwa, matatu njano, manne kijani, matano bluu, sita nili, saba zambarau. Alisuka akihesabu kwa kidole gumba. Vichupa vya rangi ya keki navyo alivivalisha vikamba hivyohivyo shingoni. Vilikuwa sita, maana nili haikuwa na kichupa chake. Aliipata kwa kuchanganya bluu na zambarau.

Na sasa vitatu vilikuwa mbele yake, vinang'aa, na haijulikani kipi ni kipi.

Alichukua sahani nyeupe, akadondosha tone moja la kila kichupa, akaipeleka penye jua. Akaiinamisha huku, akaiinamisha kule. Matone matatu ya jivu yalimtazama.

Kwenye uzio wa makuti alisikia ndala za Ashatu, jirani yake. Ashatu alikuwa mtu mzuri, lakini jambo likiingia sikioni mwake kabla ya adhuhuri, kufikia alasiri lilikuwa limekwisha kunywewa kahawa barazani.

"Ashatu," aliita, "hebu njoo unichagulie."

"Nichague nini tena? Mume?"

"Rangi. Nataka kujua ipi inapendeza."

Ashatu aliinama juu ya sahani. Mwanahija alisubiri.

"Zote nzuri," Ashatu alisema.

"Lakini ungechagua ipi?"

"Yoyote tu. Keki si inaliwa?" Kisha akagusa ukingo wa sahani upande wa kushoto. "Hii basi. Hii kama lile gauni langu la Idi."

"La Idi."

"Si unalikumbuka? Wewe mwenyewe ulilisifu mpaka nikaona haya." Akacheka, akaenda zake.

Mwanahija alibaki ameishika sahani. Gauni alilikumbuka. Tatizo ni kwamba yalikuwa mawili. La Idi ya baada ya mfungo lilikuwa la kijani, lenye kola ya nakshi. La Idi ya kuchinja lilikuwa la zambarau. Alijaribu kukumbuka lipi alilisifu. Alikuwa amesifu yote mawili, kama jirani anavyopaswa.

Unga ulikuwa umekwisha kukorogwa, mayai yalikuwa ndani, na unga uliokorogwa haungoji mtu. Sikuzani angerudi saa saba, na saa nane keki ilitakiwa. Alihesabu, akaona hakuna nafasi ya kungoja. Akasema kimoyomoyo, la kijani, maana lile ndilo alilovaa alipokuja kukaa mkekani hapa uani. Akamimina kichupa cha kushoto kwenye bakuli la nne. Viwili vilivyobaki akavigawa kwa bahati tu.

Akaoka. Harufu haikumwongopea, ilimwambia kila tabaka lilipoiva. Alipomaliza la saba, alilipanga juu ya mengine, akaifunika keki yote kwa krimu nyeupe ya siagi, akailainisha kwa kisu kilicholowekwa maji ya moto. Nje ilikuwa nyeupe pe. Ndani alijua Mungu peke yake.

Aliyeagiza ni mwalimu Vaileth, mwanamke kutoka Iringa aliyefungua darasa la chekechea katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga. Wiki tatu nyuma alikuja na picha kwenye simu. "Shikamoo mama. Nataka mtoto akiingia auone upinde wa mvua," alisema. "Sakafuni, ukutani, hadi kwenye keki ya kufungulia. Nyekundu, machungwa, njano, kijani, bluu, nili, zambarau. Nimewafundisha kuimba kwa mpangilio huo."

"Nili?" Sikuzani aliuliza kutoka jikoni. "Nili si ile ya kufulia mashati meupe? Mwalimu, unataka kuwang'arisha watoto kwa ndani?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Na Mwanahija aliikubali kazi ile, ingawa alijua nusu ya upinde ule haioni, kwa sababu hajawahi kuombwa kitu kizuri hivyo.

Saa nane walifika, Sikuzani akiwa amebeba keki, Mwanahija akimfuata nyuma akiangalia hatua za wifi yake. Chumba kilikuwa kimejaa wazazi. Ukutani makawa saba yaliyosukwa, yale ya kufunikia chakula, yalitundikwa kwa mviringo kama upinde. Chini ilitandazwa mikeka, mistari saba aliyoisuka mwenyewe, fundo moja hadi saba, na watoto ishirini wameikalia wakiwa wamenyoosha miguu.

"Shikamoo bibi," walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wajukuu zangu."

Mwalimu Vaileth alishika kisu. Watoto wakaanza kuimba kabla hajakata. Kipande cha kwanza kilitoka, kikalazwa kwenye sahani, na wimbo ukashuka nacho: "Nyekundu, machungwa, njano, zam..."

Wimbo ukakatika. Baadhi waliendelea na kijani kwa mazoea, wakanyamaza nao.

Msichana mmoja wa mbele, Scola, alipewa kipande hicho. Hakukila. Alikiweka juu ya mkeka, sahani ikigusa mstari wa kwanza, akapeleka kidole kutoka kwenye keki hadi kwenye ukindu, mstari kwa mstari, kama mtu anayelinganisha karatasi mbili. Alipofika wa nne akainua uso.

"Mwalimu, mkeka hausemi hivi."

Mwalimu Vaileth alimtazama Mwanahija. Hakukunja uso. Alikuwa anauliza tu kwa macho, na Mwanahija hakuyaona macho hayo, aliuona tu uso umegeukia kwake. Alifungua kinywa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba ukweli ungemtoka wenyewe, mbele ya wazazi wote, na mmojawapo angekuwa na jamaa Lugoba.

"Mkeka ni upinde," Sikuzani alisema kutoka mlangoni. "Keki ni kisiki."

Watu wakageuka.

"Wazee wetu hapa pwani huuita kisiki cha mvua," aliendelea, sauti yake ileile ya kuuzia samaki. "Ule mwingine ukishasimama vizuri ndio upinde. Ukiwa bado mguu tu, umetoka chini ya ardhi sasa hivi, rangi zake hazijajipanga. Zinasukumana kama nyie mkiwa mlangoni. Kula mwanangu, zitajipanga tumboni."

Watoto wakacheka. Scola akafikiri, akauma upande wa njano. Mwalimu Vaileth akakata kipande cha pili, na safari hii watoto wakaimba kwa kutafuta, wakitaja kila rangi walivyoikuta, na kila mtu akasema keki ni laini.

Njiani kurudi, Sikuzani alitangulia. Alitembea polepole kuliko kawaida yake, na penye mtaro alisimama mpaka alipousikia mguu wa Mwanahija umevuka.

Kesho yake asubuhi Mwanahija alikuta vichupa sita vimepangwa kwenye sinia uani. Sikuzani alikuwa amekaa pembeni na kicha cha ukindu mapajani. Hakwenda sokoni.

"Jana kule nilikuwa nakutungia," Sikuzani alisema. "Kisiki na upinde ni kitu kimoja. Mama alikuwa anauita hivi leo, kesho vile."

"Najua."

"Mimi nilikuwa sijui ninachokitupa."

Mwanahija akakaa kwenye kigoda. "Ni mtoto wa jicho, wifi. Wawili."

Sikuzani alichana ukindu kwa ukucha. "Pacha," alisema. "Uzeeni. Na hukunialika hata arobaini yao."

Mwanahija alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Kisha simu ya Sikuzani ikalia, naye akaibonyeza ikapaza sauti, maana mikono yake ilikuwa na kazi.

"Shangazi, shikamoo." Alikuwa Abdulrazak. Nyuma yake mashine ilikuwa inasaga. "Mama hajambo? Nimeota mara mbili nakuja kumchukua. Macho yake yakoje?"

Sikuzani aliacha kuchana ukindu. Alimtazama wifi yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa akingoja, viganja vimelala wazi magotini.

"Marahaba, baba. Yuko hapa," alisema. "Tuna kazi kidogo. Nitakupigia."

Akazima simu. Akachukua kichupa kimoja, akakiinua juani, akakigeuza.

"Bluu mafundo mangapi?"

"Matano."

Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa miaka ya mafuta na magamba, na ukindu ulimponyoka mara mbili. Alifunga, akahesabu kwa midomo, akafunga tena. Alipomaliza alikiweka kichupa kwenye kiganja cha Mwanahija. Kikamba kilinukia samaki. Mafundo yalikuwa manene, hayalingani, na la mwisho lilikuwa limefungwa juu ya jingine, ikawa vigumu kujua ni moja au mawili. Mwanahija alipitisha kidole gumba mpaka hapo, akasita, akarudi mwanzo, akaanza kuhesabu upya.