Mtaalamu wa Kufunga Nzi

Mama ndiye aliyenitafutia kazi, tena kwa sentensi moja ambayo haikuwa na uongo hata chembe, ukiondoa hesabu. Alimwambia mtu kwamba mwanawe anafunga nzi.

Ni kweli nilikuwa nafunga nzi. Tangu nimalize chuo, miaka miwili ilikuwa imepita bila kazi. Asubuhi niliandika barua za maombi, na mchana nilikaa pembeni mwa meza ya cherehani ya Mama, nikabana ndoano ndogo kwenye jiliwa, kibano cha chuma cha mezani, na kuizungushia uzi, kipande cha nyoya la kuku na manyoya ya paka wetu, mpaka ikafanana na nzi. Nzi wa namna hiyo hutupwa mtoni kwa ufito na mshipi, samaki akidanganyika anammeza. Samaki wa mto wetu walikuwa werevu kunishinda. Kwa miezi minane walidanganyika wawili, na mmoja wao nadhani alinihurumia. Lakini sikufanya kwa ajili ya samaki. Dunia ilikuwa haijanipa kitu cha kumaliza, na nzi mmoja nilimmaliza kwa saa moja. Paka peke yake ndiye aliyekuwa na neno, maana mgongo wake ulianza kuota kipara.

Mteja mmoja wa Mama alikuwa msimamizi wa jiko la kiwanda cha sabuni, mwanamke mwenye mabega mapana ambaye wapishi wake wote, hata waliomzidi umri, walimwita Bimkubwa. Jumanne moja alikuja kujaribu aproni mpya akiwa amenuna. Bwana afya alikuwa amekagua jiko lake, akakuta nzi, na akaahidi kurudi Alhamisi. Akiwakuta tena, jiko litafungwa mwezi mzima na wapishi kumi na mmoja watarudi nyumbani. Mama, mwenye pini nne mdomoni, alitaka tu kumchangamsha. Akasema nzi wasimtie presha, kwani kijana wake anawafunga, tena ishirini kwa siku. Kwa hakika ni saba, ila Mama hajawahi kunisifu bila kuongeza chumvi. Yaliyofuata, kuhusu ndoano na samaki, yalizuiwa na pini.

Mimi nilikuwa uani nikimbembeleza paka, kwa hiyo niliitwa tu kuambiwa kwamba Alhamisi saa mbili nifike kiwandani na vifaa vyangu vya kufunga nzi, na nikifaa kuna nafasi ya kudumu. Sikushangaa sana. Chuoni niliandika kurasa sitini kuhusu haki ya mfanyakazi kupumzika, nami nikaona hatimaye kimetokea kiwanda chenye utu, kinachotaka watu wake wajifunze kazi ya mikono baada ya zamu. Nilivaa tai.

Bimkubwa alinisaili palepale jikoni, karibu na dirisha lililokuwa juu ya mapipa ya taka, huku mpishi wa supu akikoroga na kusikiliza. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Unawafunga wapi hasa?"

"Naanzia shingoni, mama. Nazungusha uzi mara tano, ndipo nashuka tumboni."

Mpishi wa supu akaacha kukoroga.

"Na wanatulia?"

"Wadogo ndio wasumbufu. Lakini nikishawabana kwenye jiliwa hawana ujanja."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja. Ukienda kwa pupa mbawa zinakaa upande."

Alimnong'oneza mpishi wa supu kwamba kijana huyu ana roho ya peke yake, lakini mwenye shida hachagui. Kisha akaniuliza nitafanyaje na wa pale, maana kwa makadirio yake walifika mia tatu. Nilidhani anasema wafanyakazi. Nikamweleza kwamba nitawagawa makundi, kwamba siku za mwanzo wengine watachoka, ila wakishaonja raha yake hawataondoka tena.

"Sitaki waonje raha," alisema Bimkubwa. "Nataka waondoke."

Hapo nilihisi utu wa kiwanda unapungua kidogo. Nikaona maneno hayatoshi, kazi ijioneshe yenyewe. Nikatoa boksi langu lenye nzi sitini wa kila rangi ya paka, nikafungua kifuniko. Sikuwa nimeona feni kubwa iliyokuwa nyuma yangu.

Walipaa wote. Wakatua kwenye unga uliokandwa, kwenye kofia za wapishi, kwenye aproni mpya ya Bimkubwa. Na mlangoni, faili kwapani, alikuwa amesimama bwana afya.

Alisogea polepole hadi kwenye unga. Akampungia mkono nzi mmoja, hakuruka. Akampepea kwa faili, hakuruka. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa, kisha akasema kwa heshima kubwa kwamba kwa miaka yake yote kazini hajaona dawa inayoua nzi akiwa amesimama wima. Akatoa kalamu.

Bimkubwa alinitazama. Macho yake yalikuwa na wapishi kumi na mmoja ndani. Nilijua nikifunga mdomo jiko limepona na mimi nimepata kazi.

"Hao si nzi," nilisema. "Ni manyoya ya paka."

Nilidhani ukweli utasaidia. Bwana afya alirudia maneno "manyoya ya paka" huku akiutazama unga, akamchukua nzi kwa vidole viwili, akachomwa na ndoano, akanyonya kidole.

"Kwa hiyo hujui kufunga nzi," alisema Bimkubwa.

"Najua, mama. Ila walio hai sijui kuwafunga. Najua wanapoingilia tu."

Maana huwezi kutengeneza nzi bila kuwatazama wa kweli kwa miezi, na wakati wote wa usaili nilikuwa nawaona wakiingia juu ya mapipa kama wageni walioalikwa. Wavu wa dirisha lile ulikuwa umeachia pembeni, ukining'inia. Kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya na aibu yangu, nilipanda juu ya kigoda, nikatoa uzi mfukoni na kuufunga wavu kwenye fremu, kitanzi kwa kitanzi. Wapishi wakasogeza mapipa nje bila kuambiwa. Unga ukamwagwa. Bwana afya akavuta kiti, akanitazama hadi kitanzi cha mwisho, akajaribu kupitisha kidole chake kizima, hakikupita. Akaandika kwamba atarudi Jumatatu, na kwamba madirisha yote yawe hivyo.

Alipomaliza kuandika na kuinuka, nilikuwa nimeshuka na kuokota nzi hamsini na tisa. Wa sitini, mwekundu, alikuwa ameng'ang'ania suruali ya bwana afya, mahali ambapo mtu hawezi kujiona. Nikanyanyua mguu nimkimbilie.

Bimkubwa alinidaka tai.

"Ukweli wa leo umetosha, mwanangu," alisema. "Panda. Yamebaki madirisha saba."