Mtakatifu Jumatatu Hayumo Kwenye Programu

Mimi sina ugomvi na kompyuta. Ila ile programu ya ujenzi ya Mhandisi Itzel ilinipandisha mori Ijumaa ile, ilipolipaka jina la Kompadre Nicéforo rangi nyekundu.

"Fundi Mkuu, hebu njoo uone," Mhandisi aliniita, tableti mkononi. Ni binti wa Monterrey, ana miezi miwili tu hapa Cholula. Mchapakazi kwelikweli, lakini haraka zake, we acha tu. "Kila mtu hapa ana kazi yake na gharama yake. Huyu nondo, huyu matofali. Mzee Nicéforo wiki tatu nzima hana hata mita moja ya ukuta."

"Goti lake bovu, Mhandisi. Lakini ni kompadre wangu, ndiye aliyemsimamia mwanangu ubatizo."

"Programu haina kisanduku cha kompadre. Leo ndiyo siku yake ya mwisho."

Mzee akachukua mwiko wake, akatuaga mmoja mmoja, akaenda zake akichechemea. Miaka thelathini nimejenga naye! Nilitamani kuitumbukiza ile tableti kwenye mashine ya zege.

Jumatatu ilikuwa siku ya kumwaga zege la dari. Kati ya mafundi kumi na mmoja wakaja wanne, na mmoja wao alikuwa ananuka pombe ya pulque mpaka kwenye nywele.

"Watu wako wapi?" Mhandisi akafoka.

"Leo ni Mtakatifu Jumatatu."

"Kalenda yangu haina mtakatifu huyo!"

"Hata ya Papa haina. Huyu ni wetu mafundi. Jumapili tunakunywa, Jumatatu tunamsherehekea usingizini."

"Sasa mbona wiki zote hizi wamekuja?"

"Ehee! Unafikiri ni programu iliyowaleta? Nani alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kila Jumapili jioni, na goti lile? Huyu anamnyang'anya chupa, yule anampatanisha na mkewe, kwingine anakula tortilla zao tu na kuondoka na ahadi."

Mhandisi akafungua tableti, akazitazama Jumatatu zilizopita. Zote zimejaa. Akachukua funguo za gari, akaniashiria nipande.

Tulimkuta Mzee uani kwake, anapukuchua mahindi. Hakuinua uso.

"Mzee wangu, nimekosa," Mhandisi akasema. "Nisamehe, urudi."

"Kimashine chako kimekubali?"

"Kitakubali tu, kitake kisitake." Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafungua kisanduku kipya. "Kazi: kugonga milango. Sasa kinataka idadi. Jumapili moja unagonga milango mingapi?"

Mzee akahesabu kwa vidole, bila haraka yoyote. "Andika kumi na miwili."

"Lakini mafundi ni kumi na mmoja, Mzee."

"Kuhesabu najua, mwanangu. Na wewe je? Kwenu mbali, Jumapili unakula peke yako na hicho kidude. Nani wa kukugongea?"

Binti wa watu akajaribu kucheka, akashindwa. Akafuta machozi kwa mkono wa shati, mbele yetu, bila kujificha. Kisha akaandika: kumi na miwili.