Punje Iliyozidi

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Nafikiri walikuwa wamemwona Yvonne Namalwa akishuka kwenye pikipiki pale getini pa shule yetu na begi lake la vitabu.

Miaka kumi na tisa nimefundisha hapa Makwasinyi. Darasa la Nne lilipobadilishwa jina likawa Gredi ya Nne, mimi sikubadilishwa. Mwalimu Rachel ni mimi, na chati za magunia ni zangu. Nachukua gunia la nailoni, nafumua mshono, naliosha, nalinyoosha chini ya godoro, kisha naandika kwa kalamu ya wino mzito. Ukutani ziko kumi na moja. Ile kubwa kuliko zote inasema IDADI YA WATU DUNIANI. Nilipoichora ilikuwa bilioni sita. Watu wakazaana, nikapaka rangi nyeupe juu ya sita nikaandika saba. Wakazaana tena, nikapaka, nikaandika nane. Sufuri tisa zilibaki zile zile. Watoto walizihesabu kwa kuimba, na mimi nilikuwa na furaha yangu. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza bilioni nane ni wangapi.

Sasa huyu Yvonne, miaka ishirini na sita, ametoka huko Bungoma, ameajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Morris, akaniomba nimpe chumba. "Mwalimu Rachel, wewe unaishi peke yako na nyumba ni kubwa." Ningesemaje? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaingia chumba cha nyuma, tukawa tunapika sufuria moja.

Wiki ya pili akaingia darasani kwangu na kitabu cha picha alichokichora mwenyewe kwa rangi za maji. Kitabu chenyewe kilikuwa hivi: ungo umejaa punje za kunde, mia moja kamili. Ati tukiwachukua watu wote wa dunia tukawafanya wawe punje mia tu, itakuwaje? Ukifungua ukurasa, punje hamsini na tisa zimekaa Asia, zimevaa kofia za kila aina. Ukurasa mwingine, kumi na nane ziko Afrika, na moja imebeba mtoto mgongoni. Tisa Ulaya, nane Amerika ya Kusini na majirani zake, tano Amerika ya Kaskazini. Mwisho kabisa punje moja, peke yake, imekaa kisiwani miguu ndani ya maji.

"Moja tu!" Teresia akapiga kelele. Teresia ni mtoto wa miaka tisa, mdomo wake haujui likizo. "Mwalimu, si huyo atakuwa mpweke?"

Darasa zima likacheka, wakasogea, wakapandiana mabegani kuona ile punje moja. Watoto thelathini na mmoja! Mimi nikiwa nimesimama chini ya chati yangu na rula mkononi, hakuna aliyenitazama hata mmoja. Haki ya Mungu, roho iliniuma. Nilitabasamu kwa meno tu.

Tangu siku hiyo, wee! Madam Yvonne hivi, Madam Yvonne vile. Watoto walikuwa wakinibebea vitabu kutoka getini, sasa wanambebea yeye. Wazazi wananisalimia halafu wanauliza, "Yule wa kunde yuko?" Hata kunde zenyewe nilianza kuzichukia kwenye sahani. Tena mbaya zaidi, msichana hana neno. Anaamka kabla yangu anachota maji, ananiita Madam kwa heshima. Ungejua inavyochosha kumchukia mtu asiyekupa sababu.

Halafu Mwalimu Morris akatuita ofisini. Mabwana wa elimu kutoka Voi watakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuangalia somo moja tu, na atakayefundisha somo hilo ndiye atakayeshika Gredi ya Nne mwaka ujao. Mimi nikakaa sawa kwenye kiti. Akasema, "Madam Yvonne atafundisha. Na kile kitabu."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe tutakupa Gredi ya Pili, upumzike kidogo."

Nipumzike! Kwani nani alimwambia nimechoka? Gredi ya Nne ndiyo nyumba yangu. Sina mtoto, sina mume, nina watoto wa miaka tisa wanaokuja kila Januari, na sasa ninanyang'anywa kwa ajili ya ungo wa kunde.

Jioni hiyo tukiwa jikoni, Yvonne akasema amepata wazo. Kila mtoto alete kunde kutoka nyumbani, punje moja kwa kila mtu wa nyumba yao, ili darasa lione kijiji chetu nacho ni punje ngapi katika dunia. Kisha akanitazama. "Madam, wewe ndiwe mwenyeji. Wazazi hawatakuwa na shida?"

Sasa sikiliza. Kwetu hapa watoto wa mtu hawahesabiwi. Ukimuuliza nyanya ana wajukuu wangapi, atakwambia, "Tupo, Mungu anatusaidia." Ukinyoosha kidole ukaanza moja, mbili, tatu, unaita kitu kije kipunguze. Hata karani wa sensa akija, nyanya zetu humtajia nusu, ile nusu nyingine hujificha nyuma ya nyumba. Nilijua hayo tangu nikiwa mtoto. Yeye angejuaje, mtu wa Bungoma aliyekuja juzi?

"Shida gani?" nikamwambia. "Waambie walete tu."

Nikaendelea kusonga sima. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Na sikutosheka. Jumapili baada ya ibada nilimsogelea Nyanya Tryphena, bibi yake Teresia, ambaye akikohoa hapa kijiji kizima kinanyamaza. Nikamnong'oneza, kama mtu anayesikitika, "Nyanya, umesikia mwalimu mgeni anataka kuhesabu watoto? Tena aandike kitabuni."

Jumatatu watoto walikuja mikono mitupu. Saa nne Nyanya Tryphena akafika na bakora yake, akasimama mlangoni mwa darasa. Hakupaza sauti. "Mwanangu," akamwambia Yvonne, "huko kwenu watoto ni mbuzi?" Yvonne akanigeukia mimi. Mimi nikawa napangusa ubao, ubao ambao haukuwa na maandishi yoyote.

Jioni alikuja jikoni macho yamevimba. "Madam, nimekosea wapi?"

"Wazee wa huku wana mambo yao," nikamjibu. "Pole."

Nilidhani yamekwisha. Nilikwisha kuanza kupanga somo langu la Ijumaa, na chati kubwa nimeipangusa vumbi. Kumbe Jumanne baada ya masomo Yvonne alinunua kilo ya sukari, akaenda mwenyewe kwa Nyanya Tryphena kuomba msamaha. Akakaa huko mpaka jua likaingia nyuma ya mlima Kasigau. Aliporudi alikuwa anacheka.

"Madam, kumbe njia ipo! Nyanya anasema zamani kukiwa na sherehe, mpishi alitaka kujua ni watu wangapi watakula, lakini hakuna wa kuhesabu watu. Basi kila mama alifunga punje zake kwenye kitambaa, akazituma kimya kimya. Wanahesabu kunde, hawahesabu watu. Mdomo hautaji nyumba ya mtu. Amenikubalia!"

"Vizuri," nikasema.

Alhamisi akaniomba gunia. Alitaka kuchora kijiji chote, kila nyumba mahali pake, na karatasi za manila zilizokuwa ofisini zilikuwa zimelowa. "Hata moja tu, Madam. Zako ndizo zinakaa vizuri."

"Sina," nikasema. Lilikuwa chini ya godoro langu, jeupe, limenyooka, nililitunza tangu Aprili. Usiku huo nililala juu yake. Yvonne akabandika karatasi za daftari kwa uji wa ngano mpaka zikawa shuka moja kubwa.

Mwalimu Morris naye alikuwa ametangaza kwamba walimu pia ni watu wa kijiji, kwa hiyo kila nyumba ya mwalimu ilete kifurushi. Asubuhi ya Ijumaa nilifungua mkebe wa kunde, nikachukua punje. Moja. Nikaishika, nikaitazama. Nikamfikiria yule aliyekuwa chumba cha nyuma akijipigia pasi blauzi. Analala kwangu, lakini wangu hawezi kuwa. Nikaifunga ile moja kwenye kitambaa, nikaitia mfukoni. Yeye ni mwalimu wa somo, nilijiambia, hataleta chake.

Mabwana wa elimu walikuwa wawili, wakakaa nyuma. Nyanya Tryphena alialikwa, akakaa mbele na bakora yake. Mimi nilisimama ukutani chini ya bilioni nane yangu.

Lazima niseme ukweli, alifundisha vizuri. Alifungua kitabu, watoto wakaona dunia ndani ya ungo. Kisha akatandaza ile shuka ya karatasi sakafuni, mlima Kasigau umechorwa juu, tangi la maji katikati, nyumba zote zipo. Mtoto mmoja mmoja akaja na kifurushi, akafungua, akamimina punje juu ya nyumba yao bila kusema neno. Teresia alipewa kazi ya vifurushi vya walimu.

Akamimina cha Mwalimu Morris. Akapiga magoti kwenye nyumba yangu, ile yenye mti wa mlonge mlangoni, akafungua kitambaa changu. Ikadondoka punje moja. Kisha akafungua kitambaa kingine, cha buluu, ambacho nilikitambua kuwa ni kipande cha leso ya Yvonne. Zikadondoka punje mbili.

Teresia akatazama. Akatazama tena. Mdomo wake, kama nilivyosema, haujui likizo.

"Mwalimu Rachel, hapa mnakaa wangapi?"

"Teresia!" Yvonne akamkatiza haraka, uso umemwiva. "Hatutaji nyumba ya mtu. Endelea tu, mama."

Alikuwa ananiokoa. Mimi, niliyemchimbia shimo! Teresia akaendelea. Lakini Nyanya Tryphena alikuwa ameinama juu ya bakora yake, anaangalia zile punje tatu. Akaangalia moja iliyojitenga, akaangalia mbili zilizolaliana. Kisha akaniinulia macho.

"Rachel," akasema taratibu, kwa Kidawida, lugha yetu, kwanza, halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie, "kumbe ndani ya nyumba yako kuna ukuta."

Hakusema ni nani aliyemnong'oneza siku ya Jumapili, ingawa kwa macho yake nilijua ameshajumlisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Watoto wakazikusanya punje zote kwenye ungo, wakaanza kuzihesabu kwa sauti moja, wakiimba kama walivyokuwa wakiimba sufuri zangu. Mia moja. Mia moja na ishirini. Mia moja na arobaini na tatu!

Bwana mmoja wa elimu akaandika kwenye daftari lake. "Mia moja arobaini na tatu," akasoma. "Hiyo ndiyo hesabu kamili?"

Yvonne alijua si kamili. Aliniona, nikamwona. Akafungua mdomo kusema, "Ndiyo, bwana," ili mambo yaishe.

Hapo nikatembea. Sijui nani alinisukuma. Nilipita katikati ya watoto mpaka kwenye ungo, nikainama, nikachukua punje moja.

"Mia moja na arobaini na mbili," nikasema. "Moja imezidi. Niliileta mimi. Nyumbani kwetu tuko wawili, na mwenzangu alikuwa ameshatuleta sote."

Bwana wa elimu akakata namba yake, akaandika nyingine. Kwake ilikuwa hesabu tu. Nyanya Tryphena akagonga bakora sakafuni mara moja, akatazama kando.

Baada ya wageni kuondoka nilienda nyumbani, nikavuta lile gunia chini ya godoro, nikarudi nalo shuleni, nikalitandaza mezani mbele ya Yvonne. "Nilikuwa nalo," nikamwambia. "Jana nilikuwa nalo. Na habari za kuhesabu watoto nilizijua. Na Nyanya nilimwambia mimi."

Alipitisha kiganja juu ya gunia.

"Nilijua la Nyanya," akasema. "Aliniambia Jumanne. Alinikataza nisikuulize, ati utasema mwenyewe."

Jumanne! Basi ile Ijumaa asubuhi, alipokuwa akifunga punje mbili kwenye leso yake, moja yake na moja yangu, alikuwa ameshajua siku tatu.

Januari alichukua Gredi ya Nne. Mimi niko Gredi ya Pili, na msinidanganye kwamba sina wivu. Ninao. Nikisikia kicheko chao kupitia ukutani, chaki inavunjika mkononi mwangu. Lakini ile punje niliyoitoa kwenye ungo bado iko mfukoni mwa koti langu la shule, na kila nikitia mkono humo naigusa. Jana Yvonne alipika kunde. Nilikula sahani mbili.